Kadi ya Ghala la Nne

Inspekta Elizabeti Komba alikataa chai kwa mara ya tatu, na mara hii hata asante hakusema.

"Chai ya maziwa hii, mama Inspekta," Mzee Yohana Haule alimbembeleza. "Wewe Komba, mimi Haule. Tumetoka upande mmoja, leo tunyimane chai?"

Kilichomtia kinyaa Elizabeti si chai. Ni korosho. Mezani kwa huyo mkuu wa chumba cha kompyuta cha Maghala ya Chilindima palikuwa na sahani ya korosho za kukaanga, na mzee alikuwa akizitupa mdomoni moja moja huku akisimulia vifo vya watu wawili. Elizabeti alikuwa ameingia Ghala la Nne juzi Jumatatu, saa chache baada ya maiti kutolewa. Harufu ya dawa ya kufukizia, kama kitunguu saumu kilichoozea kwenye kapu la dagaa, ilimganda kwenye koti. Alilifua mara mbili na bado aliisikia. Kila korosho iliyopasuka kati ya meno ya mzee ilimpandisha nyongo.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Makuli wawili, Selemani Nampoto na Mustafa Likwata, waliingia Ghala la Nne Jumatatu asubuhi kutoa magunia ya korosho. Ghala lilikuwa na siku mbili tu tangu lifukizwe, na sheria inataka siku tano milango ikiwa imezibwa. Lakini pale Chilindima mlango haufunguliwi kwa kuhesabu siku vidoleni, wala kwa pua ya mtu. Unafunguliwa kwa orodha. Kila alfajiri ile kompyuta kubwa huchapa orodha ya maghala yote, na mbele ya kila ghala neno moja: LIMEFUNGWA au WAZI. Msimamizi wa zamu haulizi zaidi. Jumatatu karatasi ilisema Ghala la Nne ni WAZI. Wakabandua utepe, wakang'oa bango la fuvu, makuli wakaingia. Mpaka mwenzao wa tatu anafika mlangoni na gunia lake la kwanza, wawili hao walikuwa wameshalala chini.

"Na kazi iliyogeuza orodha ni hii hapa." Mzee Yohana alisukuma karatasi kwa kidole chenye mafuta. "Iliingizwa mashineni Jumapili, saa tisa na dakika kumi alasiri. Soma jina mwenyewe, mama. Mimi nisionekane nasingizia watu."

Karatasi ilikuwa na mistari michache ya herufi kubwa, maagizo kwa mashine ambayo wao huyaita kazi. Ule mstari wa kwanza, unaoiambia mashine kazi ni ya nani na iendeshwe vipi, wao huuita kadi, ingawa zile kadi zenyewe za karatasi ngumu ziliondoka kabla Elizabeti hajazaliwa. Kwenye kadi palikuwa na jina: ZAWADI.

Zawadi Chimela, mwendeshaji wa mashine, umri miaka ishirini na saba, alikuwa mahabusu tangu jana. Saa nane mchana huo angepandishwa kizimbani kwa kuua bila kukusudia. Mkuu wa upelelezi alishasema jalada hilo halina miguu ya kutembea zaidi. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

"Nenosiri lake nani analijua?" Elizabeti aliuliza.

"Yeye peke yake."

"Na hili ni nini?"

Alikuwa ameinuka, akafika kwenye mashine. Ubavuni mwake lilining'inia daftari, limefungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake majina ya wafanyakazi wote yalikuwa yameorodheshwa kwa kalamu ya bluu, kila jina na nenosiri lake.

"Aa, hilo! Hilo ni la dharura tu, mama."

"Kwa hiyo hata mfagizi anaweza kuingia kwa jina la Zawadi."

"Mfagizi hajui kuandika kadi."

"Nani anajua?"

"Zawadi. Fadhili wa zamu ya jioni. Na mimi." Mzee akacheka, tumbo likamtikisika. "Jungu kuu halikosi ukoko." Kisha akakumbuka kwamba kuna msiba, akakunja uso. "Binti yangu yule, Inspekta. Nimemfundisha kazi kwa mikono yangu hii. Roho inaniuma, wallahi tena. Na wale vibarua nao, masikini."

Akachukua korosho nyingine. Elizabeti akatoka kabla hajasema neno la kumvunjia heshima mtu wa umri wa baba yake.

Nje, chini ya kibaraza, Sajenti Faraji Mnyambe alikuwa akimsubiri na daftari la getini. Faraji ni mtu wa Msimbati, mwembamba, mpole wa sauti, na akikamata uongo hutabasamu.

"Huyu Fadhili, afande, alituandikia kwamba Jumapili alikuwa kwake Chuno hadi saa kumi. Daftari linasema aliingia saa nane na dakika arobaini."

"Mlete."

Fadhili, aliyeshika zamu ya Zawadi tangu jana, alikuja akijifuta jasho la woga, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Zamu yako inaanza saa kumi," Elizabeti alimwambia. "Jumapili uliwahi kwa saa nzima na dakika ishirini. Unaipenda kazi hivyo?"

"Afande, mimi... nilipita tu."

"Ulipita ukafanya nini?"

Fadhili akatupia jicho mlango wa chumba cha kompyuta. Faraji akaenda kwenye droo ya kijana, akaivuta, akarudi na boksi la viatu. Elizabeti akalipokea. Akafungua kifuniko. Mlikuwa na kadi kweli, kama mia mbili hivi, zenye maua ya waridi pembeni: *Kamati ya Harusi ya Fadhili na Jesca inakuomba mchango wako wa hali na mali.*

"Nilikuja kuzichapa, afande. Kwa printa ya kampuni. Nilikuwa kule chumba cha printa muda wote, kelele zake husikii hata mtu akikuita. Nikisema, nafukuzwa kazi."

"Watu wawili wamezikwa," Elizabeti alisema polepole. "Mwenzako analala sakafuni mahabusu. Wewe unaficha kadi za mchango?"

Fadhili akatazama viatu vyake. Lahaula! Hata hasira haikumpanda Elizabeti. Kilichompanda ni kinyaa. Muuaji angalau ana sababu ya kunyamaza. Huyu alinyamazia karatasi na wino.

"Kadi ya mashine unajua kuandika?"

"Siandiki, afande, kusema kweli. Nachukua ya Zawadi, nanakili, nabadilisha tarehe. Basi."

"Nipe tatu ulizonakili karibuni."

Alimpa. Elizabeti akazikunja mfukoni pamoja na ile ya Jumapili, wakaondoka.

Kituoni walimkuta Bi Mwajuma, mama yake Zawadi, amekaa kwenye ngazi na mtoto wa miezi mitano mapajani. Mtoto alishalia mpaka sauti imekauka. Bibi alikuwa ametoka Mtawanya kwa miguu tangu alfajiri.

"Mwanangu, wamekataa nisimpeleke ndani," alisema, hata salamu akasahau. "Tangu jana hajanyonya. Namlambisha uji kwa kidole, anautema."

"Nani amekataa?"

Konstebo wa mapokezi akapiga saluti. "Utaratibu, afande. Mtoto haruhusiwi mahabusu."

"Umeandikwa wapi?"

"Sijui, afande. Tumeukuta."

Elizabeti alimtazama kijana yule mpaka saluti ikamshuka yenyewe. Aibu ilimchoma, maana kituo ni chake na jana alipita hapo hapo akaenda zake kulala. Akampokea Bi Mwajuma mtoto, akampeleka ndani mwenyewe, akamfungulia Zawadi chumba cha mahojiano chenye kiti na dirisha. Zawadi hakusema kitu mpaka mtoto alipoanza kunyonya. Machozi yalimtiririka akaacha yatiririke. Hapo ndipo Elizabeti alipomwekea karatasi mezani.

"Jana ulioneshwa hii?"

"Niliambiwa tu jina langu lipo. Karatasi sikuioneshwa, afande."

"Isome."

Zawadi akasoma, mkono mmoja ukishika kichwa cha mtoto. Kidole chake kikapita mstari wa kwanza, kikasimama katikati, kikarudi nyuma.

"Hii siyo yangu."

"Jina ni lako."

"Jina ni langu. Ila hili hapa, silo langu." Alikuwa akionesha neno moja, ROLL, na mbele yake YES mbili ndani ya mabano. "Afande, hili neno nimelifuta mwenyewe. Kazi mia tatu na kumi zilikuwa nalo, nikalifuta moja moja, miezi minne."

"Kwa nini? Linaharibu?"

"Haliharibu wala halijengi. Halifanyi kitu chochote." Uso wake ulibadilika, akawa mtu wa kazi. "Zamani mashine ilikuwa na nafasi ndogo. Kazi mbili kubwa haziwezi kukaa pamoja. Basi unaandika neno hili kuiambia mashine: nikikosa nafasi, itoe kazi ya mwingine nje, niingie mimi. Hii ya sasa ina nafasi tele. Ikilikuta inaangalia tu kama limeandikwa sawa, inalipita. Miaka zaidi ya thelathini linapitwa, na watu wanaendelea kulinakili."

"Kama yule mzee wa kwetu," Faraji alisema kutoka mlangoni, "anayefunga geti la boma wakati ukuta ulishaanguka."

Elizabeti akatoa zile karatasi tatu za Fadhili, akazipanga mezani. Hazikuwa na neno lile hata moja. Kijana ananakili, kumbe ananakili zilizosafishwa.

"Yawezekana mtu amechukua kadi ya zamani mahali?"

"Yawezekana. Lakini angalia hizi YES mbili, afande." Zawadi akainamia karatasi. "Ya kwanza maana yake: kazi yangu ikihitajika kupisha, ipishe. Ya pili: kazi yangu iwatoe wengine. Kwenye zile mia tatu, karibu zote ya pili ilikuwa NO. Ni adabu tu, zamani watu walikuwa wanaoneana haya. Mtu mmoja tu kazi zake zote zilikuwa na YES mbili. Marehemu Mzee Kazumari, aliyenitangulia, alikuwa anamsema sana kwa hilo."

Hakutaja jina. Aliogopa kulitaja, ilionekana.

"Kulifuta ulipewa ruhusa na nani?"

"Na huyo huyo wa YES mbili. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, akasaini. Nakala ipo faili la kijani, rafu ya chini."

"Aliisoma?"

Kwa mara ya kwanza Zawadi alikaribia kucheka. "Mzee hasomi, afande. Anasaini."

Saa tano na robo walirudi Chilindima. Elizabeti alisimama getini kwanza. Mlinzi, baba mmoja wa makamo aliyevaa koti la mvua juani, alisimama akawa wima.

"Jumapili Zawadi alitoka?"

"Alitoka, afande. Saa tisa mama yake humletea mtoto, ananyonyesha hapo kwenye benchi, nusu saa anarudi. Havuki geti, kwa hiyo simwandiki."

"Mzee Yohana alikuja?"

"Alikuja. Gari lake lilimkuta bibi na mtoto wamekaa njiani, akapiga honi wampishe. Zawadi akamsalimia, shikamoo bosi, naye mzee akaingia zake."

"Mbona hayumo kwenye daftari?"

"Wakubwa hatuwaandiki, afande." Alisema hivyo kwa unyoofu kabisa, kama mtu anayeeleza kwamba mvua hunyesha. "Na juzi mlipokuja mliuliza walioandikwa. Hao wengine hamkuuliza."

Faraji akakohoa. Elizabeti hakumlaumu mlinzi. Angemlaumuje, na yeye mwenyewe juzi alilipekua daftari lile mara tatu akiamini watu wote wa Jumapili wamo humo?

Faili la kijani lilikuwa rafu ya chini kama alivyoambiwa. Barua ilikuwemo. Aliitia kwenye bahasha, akaingia ofisini kwa mzee. Asubuhi alikuwa amemwamkia shikamoo. Mchana huu hakumwamkia, na mzee kwa ulimi wake mzito wa korosho hakuligundua hilo.

"Umerudi kunywa chai!"

"Nimerudi kufundishwa, mzee. Mahakamani wakili ataniuliza kadi ni kitu gani, nitaaibika. Niandikie moja hapa, ya kwako, kama unavyoandika siku zote. Sajenti naye aone."

Nani ataombwa afundishe akakataa? Mzee Yohana akavuta karatasi nyeupe, akapangusa vidole kwenye suruali, akachomoa kalamu. Hakufikiri. Mkono wenyewe ulikwenda, herufi kubwa zilizonyooka, mabano, mkato, jina lake, na katikati ya mstari, bila kupunguza mwendo, ROLL na YES mbili.

"Hiyo ndiyo kadi," alisema. "Vijana wa sasa hawana mwandiko huu."

"Hili neno la hapa ni la nini?"

"Hilo? La zamani tu. Mkono umezoea."

Mazoea yana taabu, wahenga hawakukosea. Elizabeti akaiweka ile karatasi ya Jumapili pembeni ya hiyo mpya. Mzee akatazama ya kwanza, akatazama ya pili. Taya lililokuwa likitafuna likasimama.

"Zawadi kajifunza kwangu," akasema haraka. "Lazima aandike kama mimi."

"Zawadi alilifuta neno hili kwenye kazi zote za kampuni, mwaka mmoja na nusu uliopita. Kwa ruhusa hii." Akaitoa barua kwenye bahasha. "Sahihi ni ya nani?"

Mzee Yohana akaisoma barua ile. Macho yalikwenda polepole mstari kwa mstari, na Elizabeti akaona wazi kwamba ndiyo mara ya kwanza.

"Sikumbuki hii. Mimi nasaini karatasi ishirini kwa siku."

"Jumapili saa tisa ulimpigia honi bibi na mjukuu wake pale getini. Ulijua Zawadi hayumo chumbani. Ulijua nenosiri lake, liko kwenye kamba. Mkuu haji kazini Jumapili bila kuitwa. Nani alikupigia simu?"

Nje forklifti ilipita ikilalamika.

"Lakini hilo neno halifanyi kitu," mzee akasema, sasa kwa sauti ya mtu anayeonewa. "Mashine hailijali!"

"Nimekuuliza nani alikupigia simu."

"Mkurugenzi. Meli ilikuwa inang'oa nanga Jumanne. Akasema Ghala la Nne litoke, siku tano ni za vitabuni, dawa huisha hata kwa mbili. Akaniahidi mkataba wa ushauri nikistaafu. Mimi si daktari wa dawa, Inspekta! Nilijua nini?"

"Ulijua kuandika jina la Zawadi badala ya lako. Mtu asiyejua kosa haibi jina la mtu."

Mzee akaegemea mbele, akapunguza sauti, akawa wa upande mmoja tena. "Sikiliza, mwanangu. Zawadi ni kijana. Hata akifungwa, miaka miwili mitatu atatoka, ataolewa upya, maisha yataendelea. Mimi nimebakiza miezi minne. Miezi minne tu. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Astaghfirullah," Faraji akanong'ona.

Elizabeti alikuwa amewahi kushika maiti za baharini na viwiliwili vya ajali, na hakuwahi kuona kinyaa namna hii. Akaichukua ile sahani ya korosho kwa ncha za vidole, akaiweka sakafuni mbali na macho yake, ndipo akaweza kusema.

"Unachukiza, Mzee Haule. Uko chini ya ulinzi."

Akapiga simu kituoni hapo hapo. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Alisema na mkuu wa upelelezi kwa dakika nne, akasoma kadi zote mbili herufi kwa herufi, akamtaja na mkurugenzi, akamsikia mkubwa wake akivuta pumzi. Kisha akaomba apewe konstebo wa mapokezi.

"Zawadi Chimela haendi mahakamani. Mfungulie mlango na umpe vitu vyake. Na bibi yule mtafutie gari la kuwarudisha Mtawanya, asitembee tena."

"Utaratibu, afande, ni kwamba..."

"Gari, konstebo."

Faraji alikuwa ameshaandika maelezo ya onyo, kurasa mbili, kwa mwandiko wake wa taratibu. Akayasukuma mezani na kalamu juu yake. Mzee Yohana alivuta karatasi, akafunua ukurasa wa pili, akatafuta mstari wa chini, akaweka sahihi yake kubwa yenye mkia. Ilimchukua sekunde tatu. Akazirudisha, akaanza kufunga vifungo vya koti.

Elizabeti akazisukuma tena mbele yake.

"Soma."

"Nimeshasaini."

"Nimeona. Sasa soma, tangu mwanzo, kwa sauti. Ukiona kosa utasema."

Mzee akavaa miwani. Alisoma kwa sauti ya ofisini, bila kituo, kama mtu anayesoma matangazo ya watu wengine: jina lake, kabila lake, kazi yake, tarehe. Akafika mstari wa tisa.

"...na kwa kufanya hivyo nikasababisha vifo vya Selemani Nampoto na Mustafa..." Akasita. Akainua kichwa, akawatazama wote wawili juu ya miwani, amekunja uso kwa mshangao wa kweli. "Hawa ni akina nani?"

Faraji akageukia dirishani. Elizabeti alihisi ile harufu ya koti lake ikimpanda tena puani.

"Endelea kusoma," alimwambia.